Macho ya Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake

Mtoto akizaliwa kabla ya siku zake kutimia, jamaa wote huhangaikia pumzi yake na uzito wake. Ni haki yao. Lakini kipo kiungo kingine ambacho nacho hakikumaliza kukua tumboni, nacho ni jicho.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba upokeao nuru, uitwao retina. Mishipa ya damu inayoulisha huanza kuenea mnamo mwezi wa nne wa mimba, na huufunika wote karibu na siku za kujifungua. Mtoto akitoka mapema, kazi hiyo hukatika. Baadaye mishipa mipya huweza kuchipuka ovyo, ikauvuta utando hata ukabanduka, na mtoto akapofuka.

Maradhi haya yalielezwa mwaka 1942 na Daktari Theodore Terry wa Boston, Marekani. Mwaka 1951 Daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba oksijeni iliyotolewa kwa wingi mno ndiyo iliyowadhuru watoto wengi. Hata hivyo, mtoto anayehitaji hewa hiyo hawezi kunyimwa. Sharti apewe kwa kipimo.

Walio hatarini zaidi ni waliozaliwa kabla ya wiki 32, au wenye uzito usiofika gramu 1,500. Hatari huongezeka kwa aliyepatwa na maambukizo ya damu, aliyeongezewa damu, au asiyenenepa upesi.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayana dalili. Jicho haliwi jekundu, halitoi tongo, wala mtoto halii. Mboni ikionekana nyeupe, mara nyingi muda wa tiba umekwisha pita. Kwa hiyo macho hayana budi kupimwa na daktari wa macho mnamo wiki ya nne tangu kuzaliwa. Daktari hutia matone ya kupanua mboni, akatazama ndani kwa taa na lenzi. Upimaji hurudiwa kila wiki moja au mbili mpaka mishipa ikomae. Ugonjwa ukizidi, hutibiwa kwa mionzi ya leza au sindano ya dawa, nayo haipaswi kungoja zaidi ya siku mbili tatu.

Akina mama wengi huruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya wiki hiyo ya nne, mtoto akiwa ananyonya vema. Basi mama, usitoke wodini kabla ya kuuliza tarehe ya kupima macho, nayo iandikwe kwenye kadi ya mtoto. Ikifika, nenda, hata kama mtoto anaonekana mzima kabisa.