Je, Wajua? Kisiwa cha kumezwa na Simiyu mara sitini

Je, wajua kwamba Mkoa wa Simiyu, wenye zaidi ya kilomita za mraba 25,000, ungeweza kumeza zaidi ya mara 60 kisiwa kilichoiweka Ufaransa kwenye mvutano na Umoja wa Mataifa kwa nusu karne? Wageni hukiita Mayotte, wenyewe husema Maore. Kina kilomita za mraba 374 tu, kati ya Msumbiji na Madagaska, na lugha yake ya Kishimaore ni ndugu wa Kiswahili.

Kiliuzwa. Mwaka 1841 mfalme Andriantsoly, Msakalava aliyetoka Madagaska, alikikabidhi kwa Wafaransa kwa piasta 1,000 kila mwaka, na wanawe wawili wasomeshwe Réunion. Kwa sisi tunaobishania idadi ya ng'ombe wa mahari tangu asubuhi hadi jioni, bei hiyo inatia huruma.

Ugomvi wenyewe ulizaliwa na namna ya kuhesabu kura. Tarehe 22 Desemba 1974 wakazi wa visiwa vya Komoro, yaani Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, vilivyokuwa chini ya Ufaransa, waliulizwa kama wanataka uhuru. Ukijumlisha visiwa vyote vinne, zaidi ya asilimia 90 walikubali. Ukitazama Maore peke yake, karibu theluthi mbili walikataa. Paris ikaamua kuhesabu kisiwa kimoja kimoja. Piga picha Simiyu inapiga kura: Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu zinasema ndiyo, kisha Busega inaachwa nje kwa kuwa sanduku lake limesema hapana. Wakomoro hawakusubiri. Walijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Novemba Umoja wa Mataifa ukawapokea wakiwa na visiwa vinne, Maore kikiwemo.

Hapo Tanzania inaingia. Februari 1976 Ufaransa ilipoandaa kura nyingine huko Maore, nchi yetu ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama, na balozi wetu New York alikuwa Salim Ahmed Salim. Pamoja na Benin, Guyana, Libya na Panama, tukapeleka azimio la kuizuia. Kura 11 ziliunga mkono, moja ikapinga. Hiyo moja ilikuwa ya Ufaransa yenyewe, nayo ni turufu, basi mambo yakaishia hapo.

Lakini wenye kisiwa nao wana neno, na mimi siwezi kulipuuza. Makao makuu ya visiwa yalipohamishwa kutoka Dzaoudzi, Maore, kwenda Moroni, Ngazija, wanawake wa Maore waliona wamenyang'anywa. Miaka ya 1960, wakiwa na kiongozi wao Zéna M'Déré, walibuni silaha isiyo na damu: ofisa akitoka Ngazija, wanamzunguka na kumtekenya mpaka atamani chombo cha kurudi alikotoka. Nani atawashtaki watu kwa kosa la kutekenya?

Tanzania iliingia tena Machi 2008: Rais Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, wanajeshi wa JWTZ walikuwa miongoni mwa waliotua Nzwani kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, mtawala wa kisiwa hicho aliyekaidi serikali ya Komoro. Bacar alipanda boti akatoroka. Kwenda wapi? Maore.

Kutoka Nzwani ni kama kilomita 70 tu, lakini tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza ya Ufaransa kumtembelea shangazi yake huko. Wengi huvuka usiku kwa boti ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, na maelfu wamezama. Tangu tarehe 31 Machi 2011 Maore ni mkoa wa 101 wa Ufaransa, na sokoni wananunua muhogo kwa yuro. Hata hivyo, si mkoa sawa na mingine: kwa sheria ya 2018, iliyokazwa zaidi 2025, mtoto wa wageni anayezaliwa Mamoudzou, Maore, hapati uraia kwa masharti yaleyale ya mtoto wa wageni aliyezaliwa Paris.