Hojaji Ndani ya Uhalisia Pepe: Tatizo la Kuuliza "Kuwamo" Kitale na Bungoma

Hojaji ya karatasi ina msaada usioandikwa humo, nao ni muulizaji. Mhojiwa wa Bungoma asipoelewa swali, muulizaji huweza kulirudia kwa maneno mengine, pengine kwa Kibukusu. Katika uhalisia pepe msaada huo haupo. Mhojiwa amevaa kifaa machoni, anatembea katika soko la kubuni, na swali linamtokea hewani mfano wa ubao. Susanne Putze na wenzake (2020) wametetea njia hii ya kuuliza humo humo, kwani mhojiwa akivuliwa kifaa ili ajaze karatasi, hali inayopimwa hukatika. Hoja hiyo ni ya haki, lakini yaongeza uzito wa kila neno la swali.

Kinachopimwa mara nyingi ni ile hisia ya kuwapo mahali pasipokuwapo. Swali "Uliona kama uko sokoni?" halifai, maana "kuona" ni kwa macho na vilevile ni kudhani, na huyu mhojiwa kazi yake yote ilikuwa kutazama. Kiswahili Sanifu kina silaha nzuri zaidi: -po, -ko na -mo. "Ulijiona umo sokoni" yataja undani ambao "uko" hauutaji. Walakini katika mazungumzo ya Kitale, mji uliokusanya Wabukusu, Wasabaoti na wengine wengi, "niko" hubeba kazi ya zote tatu. Hapo hojaji yaweza kupima darasa alilofikia mhojiwa badala ya alichohisi, na mtafiti asijue. Mbukusu ana mu- ya ndani na khu- ya juu mbele ya nomino zake. Basi tofauti yenyewe si ngeni kwake, ila umbo la Kiswahili.

Ukanushi nao una mtego. Kwa "Hukusahau chumba ulichosimama?", jibu "ndiyo" kwa desturi ya Kiswahili lina maana ya "sikusahau", aliyezoea Kiingereza cha shuleni huenda akakusudia kinyume. Ana kwa ana, neno moja zaidi lamaliza shaka. Ubao hauulizi tena. Kwa hiyo majibu yaandikwe kamili, "nilisahau" na "sikusahau", wala si "ndiyo" na "hapana". Na swali lisomwe kwa sauti pia, kwa kuwa vitenzi vya Kiswahili ni virefu na herufi zikipunguzwa ili vienee ubaoni hazisomeki.