Sarafu ya mtandaoni ina kasi, mbona hakuna anayelipa nayo?

Wadau, Bitcoin wengi mnaijua kwa jina. Ilianza 2009, muamala unasubiri kama dakika 10 kuthibitishwa, na mtandao ukijaa makato yanapanda. Nano wanaijua wachache, ila inafika ndani ya sekunde chache na haina makato. Kwa teknolojia ya malipo imeiacha Bitcoin mbali. Lakini nani amewahi kukulipa kwa Nano?

Angalia M-Pesa. Ilipoingia Tanzania 2008 haikuwa na maajabu: *150*00# kwenye kitochi, bila bando. Kilichoibeba ni wakala. Hela ikiingia, hapa Igawa unavuka tu barabara, unatoa, unamlipa mwenye mchele. Makato yapo, tena yanauma, na bado tunaitumia.

Sasa chukulia umemuuzia mteja wa Dar gunia la mchele wa Mbarali, kakulipa Nano. Imeingia fasta, sawa. Mwenye mashine ya kukoboa ataipokea? Konda wa basi je? Itabidi utafute mtu wa kuinunua, na hapo ndipo makato yanapokusubiri (na matapeli pia), huku bei yake inapanda na kushuka. Faida ya gunia inaishia hapo.

Halafu BoT ilishatangaza 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Mteja aking'ang'ania, mwambie atume kwa simu au benki. Na mzigo upande basi ukishaiona hela kwenye salio lako, sio kwenye picha ya meseji aliyokutumia.