Nyimbo za ujana zinavyomsaidia mzee anayepoteza kumbukumbu

Mzee anaweza kusahau kama amekunywa chai asubuhi na akamwita mjukuu kwa jina la mdogo wake. Redio ikipiga wimbo wa ujana wake, anauimba mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya ndugu huanza kunong'ona kuwa anajifanya.

Hajifanyi. Demensia, tatizo linalopunguza uwezo wa ubongo kukumbuka na kufikiri, mara nyingi huanza kufuta mambo ya karibuni. Nyimbo alizozizoea zamani huweza kubaki muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na tatizo hilo.

Kwa kawaida watu hukumbuka zaidi yaliyowapata kati ya miaka 10 na 30. Ndio umri wa kuanza kazi, kuhama nyumbani na kuoa au kuolewa. Wimbo uliovuma wakati huo hushikamana na sura za watu, mahali na furaha au huzuni ya siku zile.

Kwa anayemuuguza mzazi, chukua mwaka aliozaliwa, ongeza 15 hadi 25. Aliyezaliwa 1950 alikuwa kijana kati ya 1965 na 1975, enzi za Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz. Wengine walipenda kwaya, kaswida au taarabu, hivyo waulize ndugu zake.

Zima televisheni, piga wimbo mmoja mmoja kwa sauti ya wastani, hasa wakati wa kumwogesha au jioni anapohangaika. Usimpime kwa maswali; mwache asimulie mwenyewe. Akilia au kukasirika, zima na ukae naye, kwani wimbo hukumbusha misiba pia.

Muziki hutuliza, hauponyi demensia. Usahaulifu unaovuruga maisha si uzee tu, wala si kurogwa. Mpeleke hospitali mapema, kwa sababu upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na baadhi ya dawa pia husababisha usahaulifu, na hayo hutibika.

Nawe mzazi ambaye kumbukumbu zako ziko imara, andika leo nyimbo 10 uzipendazo, umpe mwanao. Siku ukishindwa kuzitaja, yeye atajua aanze na upi.