Motokari ya umeme inakula saa ngapi?

Kobalti ya Kolwezi inaenda mbali. Nyingi inaingia mu betri za motokari zenye kutembea bila esansi. Katika inchi ya Norwe, mwaka wa 2024, karibu motokari 9 kwa kila 10 mpya zilizouzwa zilikuwa za umeme tupu.

Umeme wao ulienea? Ndiyo. Karibu wote unatoka kwa nguvu ya maji, kama ule wa kwetu wa Nzilo na Nseke. Taabu haiko sana ku baraji. Iko ku transfo ndogo ya kartie.

Unaijua taabu ile. Saa moja ya mangaribi kila mama anawasha resho juu ya bukari, na ampule inakuwa nyekundu. Resho inavuta kilowati 1 ao 2. Motokari yenye kujazwa nyumbani inaweza kuvuta 7, tena masaa mingi. Tuseme transfo ya kilowati 100 inalisha nyumba 30. Kama nyumba 10 zinaunga motokari saa ileile, zile ni 70 tayari, na hakuna mutu amepika kitu! Nyuzi za ndani (mara nyingi ni shaba, ndiyo) zinapata moto, karatasi yenye kuzifunika inachakaa mbio, na nyumba ya mwisho ku waya inapata umeme muzaifu.

Wanorwe walianza na bei. Kufika 2019 karibu kila nyumba ilikuwa na konteri yenye kuandika matumizi kila saa. Tangu Julai 2022, nyumba yenye kuvuta mingi kwa mara moja inalipa zaidi juu ya waya, na usiku bei inashuka. Basi baba anatoka kazini, anaunga motokari, lakini yenyewe inangojea saa ine ya usiku mbele ya kuanza kula.

Kwetu saa ya hatari ni ingine: ile umeme unarudi kisha delestaji. Frigo, pompi, resho, vyote vinaamka pamoja, na motokari itakuwa na njaa kuliko vyote.

Mwenye kutaka kununua moja, aulize kwanza fundi: transfo yetu inalisha nyumba ngapi, na waya yetu ni munene namna gani? Priza ya kawaida, kwa ampere 10, inavuta kilowati 2 tu na kidogo. Usiku mumoja wa masaa 8 unatosha kutembea karibu kilometa 80, na jirani anaendelea kupika.