Kuweza na Kutoweza katika Kiingereza

Karani aliyeko Pangani akiandika kwa Kiingereza, "The boat could cross to Bweni", mwenye kuipokea barua hiyo huenda asijue kama mashua ilivuka mto au haikuvuka. Shaka yote yatoka katika neno moja. Kwa hiyo leo twapenda kueleza jinsi Waingereza waandikavyo habari za kuweza na kutoweza, tukizipima kwa Kiswahili chetu.

Neno lao la kwanza ni "can". Zaidi ya miaka 1000 iliyopita asili yake ilikuwa na maana ya kujua. Jambo hili si geni kwetu, kwani sisi nasi twauliza, "Wajua kuogelea?" tukikusudia kuweza. Neno hili halichukui "s" mwishoni hata mtendaji akiwa mmoja, wala halifuatwi na "to". Basi "he cans to swim" ni kosa; huandikwa "he can swim". Halina umbo la wakati ujao. Hapo huandikwa "will be able to". Likikanushwa huwa "cannot", nalo huandikwa kama neno moja.

Penye mtego ni wakati uliopita. "Could" yaeleza uwezo aliokuwa nao mtu: "In his youth he could row to Bweni", yaani katika ujana wake alikuwa akiweza kupiga makasia hadi Bweni. Lakini "could" ni "angeweza" pia, na hapo ndipo shaka ya karani wetu ilipozaliwa. Tendo moja lililotimia huandikwa "was able to" au "managed to". Ukiandika "The boat was able to cross", msomaji ajua kwamba mashua ilifika ng'ambo. Katika kukanusha mtego huu haupo: "could not cross" ni wazi kwamba haikuvuka.

"Failed to" nalo lataka uangalifu. Mara nyingi maana yake ni kujaribu na kushindwa. Lakini katika barua za ofisi na za mahakama, "he failed to appear" maana yake ni kwamba mtu hakuhudhuria, ikiwa alijaribu au hakujaribu.

Sasa tutazame vitu. Kiswahili hubadili mwisho wa kitenzi: njia haipitiki, maji hayanyweki, barua haisomeki. Kiingereza hutumia sifa zenye mwisho wa "-able" au "-ible": "impassable", "undrinkable", "illegible". Na mlango usiofunguka huandikwa "the door will not open", kana kwamba mlango una nia yake na umekataa.

Lakini neno liwezalo kuleta hasara kubwa ni letu wenyewe. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, "Baba hawezi" maana yake ni kwamba baba ni mgonjwa. Na mtu mwenyewe akiugua alisema, "Siwezi". Kijana akiiandika habari hiyo kwa mkubwa wake wa kazi, "My father cannot", Mwingereza atauliza: hawezi nini? Atadhani sentensi imekatika, na ruhusa ya kwenda kumwuguza mzee huenda ichelewe au isipatikane kabisa. Yapasa aandike "My father is ill". Na kwa "siwezi" ya namna hii, "I am ill".

Basi, kabla ya kuitia barua katika bahasha, mwandishi na ajiulize maswali matatu. Je, nataja uwezo au tendo lililotimia? Je, mtu huyu alijaribu akashindwa, au hakufanya tu? Je, "hawezi" yangu ni ya nguvu au ya ugonjwa? Akijibu haya kwanza, ataandika barua isiyohitaji barua ya pili ya kuifafanua.