Maji Yakishapungua: Mshauri Nasaha Anavyosaidia Jamii Baada ya Janga

Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa lilivunja kingo zake huko Solai na maji yakasomba nyumba watu wakiwa ndani. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli yalifyatuka na kushukia vijiji vya Mai Mahiu. Katika kila janga, kaunti yetu ya Nakuru ilipoteza zaidi ya watu 40.

Barabara hufunguliwa na nyumba hujengwa upya. Hata hivyo, huenda unamjua jirani ambaye mvua ikianza kupiga mabati usiku, hukaa macho hadi kuche. Makala haya yanaeleza msaada anaostahili kupata, na mahali pa kuupata.

Je, hofu hii ni ugonjwa?

Mara nyingi, la. Katika wiki za kwanza ni kawaida mtu kukosa usingizi, kushtuka ovyo, kulia, kukasirika haraka au kukosa hamu ya chakula. Mtoto anaweza kuanza tena kukojoa kitandani au kukataa kuachana na mzazi. Wengi hupata nafuu wakiwa mahali salama, karibu na jamaa zao, na wakirejelea shughuli za kila siku. Wachache huhitaji matibabu ya kitaalamu.

Mshauri hufanya nini siku za kwanza?

Wengi hudhani mshauri nasaha huja kuwaketisha waathiriwa na kuwataka wasimulie yote waliyoyaona. Sivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) halipendekezi kumshurutisha mtu kusimulia masaibu yake mara tu baada ya janga, kwani huenda kukamwongezea maumivu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 unataja hatua tatu:

1. Kutazama: ni nani yuko hatarini, nani amejeruhiwa, mtoto yupi yuko peke yake?

2. Kusikiliza: kumwuliza mtu anahitaji nini, na kumsikiliza akitaka kuzungumza. Akinyamaza, mshauri huketi naye bila kumsukuma.

3. Kuunganisha: kumfikisha mtu kwenye maji, chakula, blanketi, matibabu, na habari za kweli kuhusu jamaa zake.

Kwa mama anayemtafuta mwanawe, ushauri wa kwanza ni kumsaidia kumtafuta.

Na baada ya mahema kuondolewa?

Hapo ndipo kazi kubwa huanza, kwa sababu wageni wameondoka na kila mtu amebaki na msiba wake. Mshauri hukutana na waliofiwa katika vikundi. Husaidia familia ambazo hazikupata mwili wa kuzika zipange ibada ya kuaga mpendwa wao. Huwafunza walimu, wahamasishaji wa afya ya jamii, viongozi wa dini na wazee wa Nyumba Kumi kutambua anayezidiwa. Pia huwakumbuka vijana waliochimbua miili matopeni, wauguzi na maafisa wa uokoaji. Nao waliona mengi, ingawa watu husahau kuwauliza hali.

Msimu wa mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huamsha kumbukumbu. Huu ni wakati mwafaka wa kuwatembelea waathiriwa tena.

Tafuta msaada ukiona haya

• Hofu, majonzi au jinamizi vimeendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja na vinamzuia mtu kufanya kazi, kwenda shule au kutunza familia.

• Anatumia pombe au dawa za kulevya ili asahau.

• Anasema ni afadhali angekufa. Hapa usisubiri hata siku moja. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitalini.

Jirani afanye nini?

Mtembelee. Msaidie kuteka maji au kupeleka watoto shuleni. Usimwambie "jikaze" wala "wewe una bahati, wengine walikufa." Usimpige picha na kuisambaza.

Anayejitambulisha kuwa mshauri, mwulize cheti chake cha usajili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka awe amesajiliwa. Unayomwambia ni siri yako, isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini.

Pa kuanzia

Zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini mwako, au fika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu uelekezwe. Unaweza pia kupiga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199. Kwa masuala ya watoto, piga 116.

Ukivunjika mguu hutaona haya kwenda hospitalini. Moyo uliojeruhiwa nao una haki ya kutibiwa.